Solo za roki kwa anayeanza: mwalimu wa benga, tabo za mtandaoni, au sikio lako mwenyewe?

KijanaWaNyalenda (Kisumu)

Salamu kwenu nyote. Nimepiga gitaa kavu kanisani kwa mwaka mmoja na nusu, na kodi za kawaida nazimudu (nasema za muziki, si za serikali), lakini kinachoninyima usingizi ni solo za roki. Majuzi nilipata gitaa la umeme la mtumba pamoja na amplifaya ndogo, na sasa niko njia panda. Kuna mzee mmoja Kondele aliyepiga solo katika bendi za benga kwa miaka mingi, ambaye yuko tayari kunifundisha kila Jumamosi kwa shilingi 500, ingawa anakiri mwenyewe kwamba roki si shamba lake. Kuna tabo za mtandaoni, yaani nyimbo zilizoandikwa kwa namba badala ya nota, ambazo ni za bure na zinanionyesha pa kuweka kidole. Rafiki yangu naye ananishauri niyaache yote mawili, nisikilize wimbo na kuutafuta kwa sikio hadi nitakapoupata. Naomba mnilinganishie: ni njia ipi itanifikisha kwenye solo moja kamili, hata iwe fupi, bila kunijengea tabia nitakazolazimika kuzivunja baadaye?

NyuziNane (Kisumu)

Kijana, nimepiga benga tangu ujana wangu, kwa hiyo usishangae nikimtetea mzee mwenzangu, ila nitajaribu kutenda haki. Benga ilizaliwa huku kwetu Nyanza, na gitaa lake la solo lilirithi mengi kutoka kwa nyatiti, chombo chenye nyuzi nane. Ndiyo sababu nota zake ni fupi, zinadonolewa upesi moja baada ya nyingine kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo, na kila mwimbaji anapopumua gitaa humjibu. Aliyewahi kumsikiliza D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz anajua ninachokisema. Ukikaa na mzee huyo miezi mitatu, mkono wako wa kulia utajifunza kutochelewa wala kutangulia, na utajua wakati wa kunyamaza, jambo ambalo vijana wengi wa roki hawalijui.

Hata hivyo kuna vitu ambavyo hawezi kukupa. Sisi hatuna desturi ya kuuvuta uzi hadi nota ipande, wala ya kuishikilia nota moja ndefu huku inatetemeka, na mambo hayo mawili ndiyo nusu ya solo ya roki. Tena tunes zetu nyingi ziko kwenye ngazi kubwa, ile ya furaha, ilhali roki hupenda ngazi ndogo ya nota tano. Mlipe mzee, lakini ujue unachokinunua.

MpigaRithimu58 (Nakuru)

Mimi nilianza kwa tabo tupu, hapa Section 58, bila mwalimu yeyote, na ningependa ujue zilikonifikisha. Baada ya miezi minne nilikuwa na solo moja kichwani, kila nota mahali pake. Siku moja katika sherehe ya rafiki, mwimbaji akaomba tushuke ngazi kidogo kwa sababu koo lake lilikuwa limekauka, nami nikabaki nimesimama kama mlingoti, kwa kuwa nilikuwa nimekariri namba za freti (vile vigawanyo vya shingo ya gitaa) bila kujua nota zenyewe.

Tabo nyingi za bure hukuonyesha kidole kiende wapi, lakini hazikuambii nota ikae kwa muda gani. Isitoshe, nota ya E ile ile ya uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa) usioshikwa inapatikana pia freti ya 5 ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu na freti ya 14 ya uzi wa nne, na aliyeiandika tabo huenda alichagua mahali pabaya pasipo sababu yoyote. Sikatai kuzitumia. Nasema zitumike kama mtu anavyomuuliza kondakta njia: ukishaonyeshwa kona, unatembea mwenyewe.

DadaWaPiki (Kakamega)

Naona mnajadili ni nani amfundishe, ilhali hakuna aliyemwambia afundishwe nini kwanza. Kitu kinachomtambulisha anayeanza, hata kabla hajamaliza nota ya tatu, ni uzi aliouvuta ukakomea njiani. Kasi inaweza kusubiri.

Chukua ngazi ndogo ya A: nota zake ni A, C, D, E na G, na umbo lake la kwanza linaanzia freti ya 5 ya uzi wa sita. Sasa weka kidole cha tatu kwenye freti ya 7 ya uzi wa tatu, ambayo ni D, kisha usukume uzi huo kuelekea juu hadi usikie E. Utajuaje umefika? Piga kwanza uzi wa pili kwenye freti ya 5, kwa sababu hapo kuna E hiyo hiyo, kisha vuta D yako hadi zilingane. Wewe uliyekulia kwaya una bahati nyingine: hiyo ni re inayopanda kuwa mi. Iimbe kwa solfa kwanza, halafu uufanye uzi ukufuate. Mimi nimeimba sauti ya pili miaka mingi, na solfa ilinisaidia kuliko tabo zote nilizochapisha pale saiba.

Kidole kimoja hakitoshi kuvuta. Cha kwanza na cha pili vikae nyuma ya cha tatu kwenye uzi huo huo, kidole gumba kishike juu ya shingo ya gitaa, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono kinachozunguka kama unafungua kitasa. Wakati huo huo nyuzi jirani zizimwe, wa chini kwa vidole vya kushoto na wa juu kwa kiganja cha kulia, la sivyo ukiongeza mkwaruzo kwenye amplifaya utasikia kelele kama za soko. Kwa hiyo mwezi wa kwanza piga kwa sauti safi, maana mkwaruzo huficha makosa ya anayeanza na kumdanganya kwamba ameiva.

Usijaribu haya kwenye gitaa kavu. Seti yake ya kawaida ina uzi wa tatu uliozungushiwa waya, wa unene wa inchi 0.024, ilhali seti nyembamba ya gitaa la umeme huwa na uzi wa tatu mtupu wa inchi 0.016. Wala usione haya kutumia nyuzi nyembamba: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, akatumia nyuzi laini ili aweze kuendelea, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba gitaa lake ni jepesi.

KijanaWaNyalenda (Kisumu)

Asanteni sana. Dada, nimejaribu hiyo re na mi jana usiku, na nimegundua kwamba kila mara nilikuwa naishia nusu ya njia huku nikidhani nimefika. Inauma kidogo, vidole na roho. Nimebaki na maswali mawili. Ninaishi kwenye ploti ambayo kuta zake ni nyembamba, na stima hukatika mara kwa mara. Je, mazoezi ya gitaa la umeme bila amplifaya yana faida? Na la pili, njia ya sikio mbona hakuna anayeitetea?

NyuziNane (Kisumu)

Hiyo nitaitetea mimi, kwa kuwa enzi zetu hatukuwa na nyingine. Tulikaa na redio, na wimbo ukipita umepita. Nyinyi mnaweza kupunguza kasi ya video hadi nusu bila sauti kushuka. Usichukue solo nzima. Chukua sentensi moja, nota nne au tano, uiimbe kwa mdomo mara nyingi hadi uiimbe ukiwa unaosha vyombo, ndipo ushike gitaa. Ukishindwa kuiimba, tatizo haliko vidoleni.

MpigaRithimu58 (Nakuru)

Kuhusu stima: ndiyo, piga bila amplifaya, kwa kuwa kuvuta uzi, kubadilisha nyuzi na kupiga piki (kile kibao kidogo cha kudonolea nyuzi) juu na chini vyote vinasikika chumbani. Kuzima nyuzi tu ndiko kunakohitaji umeme, kwa sababu kelele zake huzisikii mpaka uwashe. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe kwenye mapigo 60 kwa dakika.

DadaWaPiki (Kakamega)

Sitii sahihi kwa metronomu peke yake. Rekodi kodi za A ndogo kwenye simu yako dakika tatu, kisha upige juu yake. Mapigo utayapata, na utasikia pia ni nota ipi inapatana na ipi inagombana.

KijanaWaNyalenda (Kisumu)

Basi nimepanga hivi: Jumamosi kwa mzee, na nimemwomba anifundishe kushika mapigo na kujibizana tu, naye akacheka akasema roki yangu nimletee asikie. Siku nyingine ni sentensi moja kwa sikio, na tabo nitaifungua nikishakwama. Jioni hii nilikuwa kwenye re yangu pale uzi wa kwanza ulipokatika karibu na daraja la gitaa, nao ulikuwa na kutu.

DadaWaPiki (Kakamega)

Ni jasho na unyevu wa ziwa. Badilisha seti nzima, ununue ya 009 (ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.009), na kila ukimaliza kupiga upanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake.