Ushauri: tunachagua gavana Maine mwaka huu wa 2026 na sijawahi kupiga kura maishani

Mwana_Kasulu

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, huu mwaka wa saba. Nimezaliwa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu. Mwaka jana nimekula kiapo cha uraia. Nina miaka 34 na sijawahi kupiga kura hata moja: Kongo niliondoka mtoto, Tanzania nilikuwa mkimbizi, hapa nikawa na green card. Kwa hiyo mnivumilie, nauliza kama mgeni.

Gavana wetu Janet Mills anamaliza kipindi chake cha pili mfululizo, na katiba ya jimbo haimruhusu kuunganisha cha tatu. Kiti kiko wazi na watu wamejaa. Upande wa Democrat wamejitangaza Shenna Bellows, Hannah Pingree, Troy Jackson, Nirav Shah na Angus King III. Republican wako wengi zaidi, kina Bobby Charles, Jonathan Bush, Owen McCarthy na wengine. Halafu kuna Rick Bennett, seneta wa jimbo aliyetoka Republican, anagombea bila chama.

Kinachonisumbua ni hiki. Kazini (nahudumia wazee, zamu ya jioni) mwenzangu kaniambia nisubiri Novemba, eti kura ya mchujo ya Juni ni ya wanachama tu. Mimi sina chama na sitaki jina langu liandikwe kwenye chama chochote. Ni kweli sina langu mwezi wa sita? Na hili la kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, linakwendaje?

La mwisho ndilo limeninyima usingizi. Mama mkwe ana green card. Wiki iliyopita nilimpeleka kwenye ofisi moja kubadilisha anwani ya kitambulisho. Nilitoka kidogo kumpeleka mtoto chooni. Nimerudi nakuta dirishani wameshamuuliza kitu kuhusu kura na yeye ameitikia, maana Kiingereza hakipandi na kwa heshima yake huwa anasema "yes" kwa kila anachoulizwa. Tumetoka na karatasi yenye sahihi yake. Nifanyeje?

---

MamaRiziki

Marahaba mwanangu. Hayo ya Juni na Novemba yaweke pembeni kwanza, tuanze na mama.

Asiye raia hapigi kura ya gavana, na hata kujiandikisha ni hatari kwake. Siku atakapojaza fomu ya uraia, ile N-400, ataulizwa kama aliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na atajibu kwa kiapo. Kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kumrudisha mtu alikotoka, na "sikuelewa swali" si kinga ya kutegemea.

Sasa soma hiyo karatasi mstari kwa mstari. Tafuta kisanduku kinachosema yeye ni raia wa Marekani: kimetiwa alama au hakijatiwa? Piga picha pande zote mbili. Halafu kabla hamjaandika barua kwenda popote, muone wakili wa uhamiaji, kwa sababu maneno ya barua hiyo yatabaki kwenye faili lake. Usimtafute yule mtu wa kujaza fomu pale dukani, tafuta wakili mwenye leseni. Yeye ndiye atakayewaelekeza jinsi ya kumwambia karani wa jiji alifute jina, kama limeingia kweli.

Na karatasi ya kura ikija nyumbani kwa jina lake, isiguswe. Mimi nimeshamsindikiza jirani yangu kwenye usaili wa uraia na swali hili nimelisikia kwa masikio yangu. Afisa alilirudia mara mbili.

---

fundi_portland

Mkuu hongera kwa uraia. Mama Riziki kamaliza upande wa mama, mimi nikujibu kuhusu Juni.

Mwenzako wa kazini anasema sheria ya zamani. Tangu 2024 hapa Maine mpiga kura asiye na chama anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo bila kujiunga. Tarehe 9 Juni unakwenda kituoni, unaomba karatasi ya chama kimoja unachotaka, kimoja tu, unapiga, na jina lako linabaki bila chama. Kama hujajiandikisha hata siku hiyo hiyo inawezekana, nenda na kitambulisho na kitu chenye anwani yako, bili ya umeme kwa mfano.

Na usikubali kuambiwa Juni haina maana, kwa nafasi ya gavana ndiyo yenye maana zaidi. Kupanga kwa namba kunatumika kwenye mchujo. Novemba, kwa gavana, HAKUNA kupanga. Watu wengi wa hapa hapa hawalijui hilo. Wananchi walipitisha mfumo huo 2016, lakini 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo walitoa maoni kwamba katiba ya Maine inampa ugavana yeyote aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Mwaka 2010 Paul LePage alishinda kwa asilimia 37 na kitu, Eliot Cutler asiye na chama akiwa nyuma yake na 35 na kitu. Zaidi ya watu 6 kati ya 10 walimtaka mtu mwingine, wakampata yeye. Mwaka huu tena tuna mgombea asiye na chama mwenye jina, kwa hiyo nani anapita mchujo ni jambo zito.

Karatasi yenyewe: majina yanashuka upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna vidude vya yai vimepangwa kwa safu, chaguo la 1, la 2, la 3, kuendelea. Unatia wino kidude kimoja kwa kila safu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa, na waliompa namba 1 kura zao zinakwenda kwa namba 2 yao. Mills mwenyewe alipita hivyo 2018, walikuwa watu 7. Ukimjaza mtu mmoja safu zote huongezi chochote. Ukijaza watu wawili kwenye safu moja, kura yako inakwama hapo.

---

Bukavu_Kwetu

Ndugu zangu, mimi niseme kilicho moyoni. Niko Portland tangu 2018. Niliacha nchi kwa sababu ya wanasiasa, sina nguvu ya kuwafuata wengine. Anayeamua maisha yetu yuko Washington. Gavana atanifanyia nini mimi ninayesubiri kesi ya hifadhi?

---

MamaRiziki

Ndugu yangu wa Bukavu, uchovu wako naujua. Lakini ulikuwepo 2019, kumbuka Expo, ule ukumbi wa michezo wa Portland walikolazwa waomba hifadhi. Vitanda vya kukunja vimejaa uwanja wa mpira wa kikapu, watoto wanalala chini ya nyavu za magoli. Nilipeleka sombe sufuria mbili, zikaisha kabla sijakaa.

Wale watu wengi walikuwa bado hawajapeleka ombi la hifadhi, na chini ya utawala wa LePage kanuni ya msaada wa kodi ya nyumba na chakula ilimtaka mtu awe ameshalipeleka. Julai mwaka huo serikali ya Mills ilibadilisha kanuni: anayejitahidi kulipeleka naye akahesabiwa. Hakuna aliyekwenda Washington. Ilikuwa kalamu ya Augusta, makao makuu ya jimbo letu. Na kalamu hiyo hiyo inaweza kuandika kinyume. Wewe huwezi kupiga kura bado, lakini huyu kijana anaweza, na swali lako unaweza kumpa akaliulize kwenye mkutano wa wagombea.

---

Dada_Zamda

Salamu kutoka Westbrook, mimi ni wa Mombasa. Niongeze moja. Kama kuna mzee wenu aliyepata uraia lakini hasomi Kiingereza, sheria ya nchi inamruhusu kuingia na mtu amtakaye wa kumsaidia, isipokuwa mwajiri wake au mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Mamangu nilimshika mkono 2022, nikamsomea majina taratibu kwa Kiswahili, akanionyesha kwa kidole. Msimamizi alituuliza kidogo kisha akatuacha.

Na kaka, kwa sababu ya zamu yako ya jioni, omba karatasi ya kura mapema kwa karani wa jiji. Hawaulizi sababu. Hakikisha tu imemfikia kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi.

---

Mwana_Kasulu

Asanteni sana wote.

Karatasi nimeitoa kwenye droo usiku huu, tumeisoma na mke wangu kwa tochi ya simu maana watoto wamelala. Ni ya anwani tu. Kisanduku cha uraia kiko chini na hakina alama. Hata hivyo Alhamisi tunamuona wakili, nataka anihakikishie kwa macho yake kwamba hakuna kilichoingia kwenye kompyuta. Mama nimemfundisha sentensi moja ya Kiingereza, "I am not a citizen", anairudia jikoni akichambua maharage.

Mzee wa Bukavu, niandikie swali lako pembeni kama unavyotaka liulizwe. Nitalitafsiri.

Kuhusu Juni, nitaomba karatasi kwa karani nipate muda wa kuisoma nyumbani. Dada Zamda, mamako alipomaliza kuonyesha kwa kidole, yale mayai alijaza mwenyewe au ulimjazia wewe? Baba yangu mikono inatetemeka, na yeye ameshakuwa raia.

---

Dada_Zamda

Alijaribu mwenyewe la kwanza, wino ukatoka nje. Yaliyobaki nikamjazia, yeye akiwa ameshika mkono wangu.