Picha za jangwa bafuni: kanvasi, alumini au vigae?

Mkazi wa Iyumbu: Habari zenu, wanajukwaa. Ninamalizia nyumba, na mke wangu amekwisha kuchagua picha za matuta mekundu ya mchanga ya Sossusvlei, Namibia, kwa ajili ya bafu. Tumepewa njia tatu: kanvasi, bamba la alumini, na vigae vilivyochapwa picha. Bafu lina dirisha moja dogo na shawa ya maji ya moto. Ipi itadumu?

Fundi Kizota: Kanvasi iondoe kabisa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Dodoma ni kukavu picha itapona, lakini mvuke wa maji ya moto ukikosa pa kutokea hutulia ukutani, fremu ya mbao ikavimba na kitambaa kikaota ukungu kwa nyuma. Kwenye shawa weka vigae, ila uliza kwanza kama rangi imechomwa kwenye tanuru au imebandikwa juu tu. Iliyobandikwa hukwanguka kwa ukucha pembeni. Grauti, yaani saruji ya kujazia nafasi kati ya vigae, nayo iwe ya rangi ya mchanga, kwani ukiweka nyeupe tuta lako litaonekana kama limefungiwa nyuma ya nondo.

Mama wa Nzuguni: Msisahau chumvi ya maji ya visima. Tone likikauka juu ya anga ya samawati iliyokolea huacha doa jeupe linaloonekana tangu mlangoni, wakati kwenye mchanga halionekani sana. Panga picha ili anga ikae juu ya usawa wa maji kurukia.

Msanifu, Area D: Alumini ifungwe ukuta wa mbali na shawa, ikiachiwa nafasi ndogo nyuma hewa ipite. Kwa bamba la sentimita 90 kwa 60, faili iwe na pikseli zipatazo 5,300 kwa 3,500; picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida haifai. Ningependa pia mfikirie makorongo mekundu ya Kondoa, ambako mmomonyoko ulikithiri hadi ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973. Si jangwa, lakini wekundu wake, kama ule wa Namibia, unatokana na oksidi ya chuma.

Mkazi wa Iyumbu: Nawashukuru. Mke wangu ni wa Kondoa, na anasema makorongo hayo ameyaona tangu utotoni, hataki kuoga nayo. Tunabaki na Namibia: alumini ukuta wa mlangoni, na bei ya vigae vya tanuru ikinishinda, shawa itapata vigae vya kawaida vya rangi ya mchanga.