Tovuti za kusoma na kutafutia maarifa kwa Darasa la I–III: mnazipimaje kabla ya kuwapa watoto?

Mwl_LaPili
Habari za kazi, walimu na wakutubi. Shule ni ya msingi, Tanzania bara: vishikwambi 12, projekta moja, intaneti ya bando. Tunaandaa orodha ya tovuti ambazo mtoto wa Darasa la I hadi la III atazitumia kusoma hadithi, kutafuta maana ya neno, na kupata taarifa fupi kuhusu wanyama, nchi na hali ya hewa. Vigezo vingi vinavyosambazwa ni vya wanafunzi wa chuo: mwandishi ni nani, ana shahada gani, amenukuu wapi. Mtoto wa miaka 7 hayawezi hayo. Nani apime nini? Na je, niwaachie watafute Google wenyewe?

Mkutubi_Tanga
Mwalimu, ukweli wa habari upime wewe, kabla kishikwambi hakijafika mezani. Mtoto atakusaidia kupima kama ukurasa unasomeka na kama njia zake anaziona.

Kupima ukweli, usisome tovuti nzima. Tafuta humo jambo moja ambalo jibu lake limebadilika. Mikoa ya Tanzania ni 31 tangu Songwe ilipoundwa 2016; ukikuta 30, ukurasa haujaguswa tangu wakati huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022, Somalia 2024. Sayari ni 8 tangu 2006, Pluto ilipoondolewa kwenye hesabu. Makao makuu ya Burundi ni Gitega, na ya kwetu ni Dodoma. Bado zipo tovuti za watoto zinazoandika Dar es Salaam. Majibu mawili yakiwa mabovu, achana nayo, hata kama picha zake zinapendeza.

Kisha toka kwenye tovuti yenyewe. Fungua kichupo kingine, andika jina lake, uone wengine wanasema ni ya nani na inapata wapi fedha. Ukurasa wa "Kuhusu sisi" ni maneno ya mwenye duka. Anwani za .go.tz na .sc.tz zimetengewa serikali na shule, lakini .com na .org anasajili mtu yeyote, kwa hiyo .org peke yake haithibitishi kitu. Mfano mzuri ni Kiddle, tovuti ya kutafutia ya watoto: wengi huidhania ni Google ya watoto kwa sababu ya rangi na herufi zake, kumbe haimilikiwi na Google.

Kuhusu kutafuta wenyewe: hapana, si kwa umri huu. Mtoto wa la II akiandika "simba" kwenye Google, atakachokutana nacho ni habari za mpira. Wape viungo vilivyokwisha kuchaguliwa. Kwenye Chrome ya kishikwambi, fungua ukurasa, bonyeza nukta tatu, uuweke kwenye skrini ya mwanzo kama alama. Alama sita zinatosha.

Gredi3_Kisumu
Hujambo Mwalimu. Niongeze upande wa usomekaji, maana hapo ndipo orodha nyingi huvunjika.

Chagua mtoto wa kiwango cha kati, usimchukue yule anayeongoza. Mpe aya ya maneno kama 100 aisome kwa sauti, ainue kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiinuka, matini hayo yamemzidi. Kwa la I, maneno 100 ni mengi. Tumia ukurasa mmoja wa hadithi na ukubali maneno mawili mageni tu. Lakini Kiswahili kina mtego wake: herufi zake husomeka jinsi zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto atatamka "walipomkaribia" bila kukwama na asielewe chochote. Baada ya kusoma, funika skrini umwambie akueleze. Asipoweza, idadi ya vidole haina maana.

African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili chini ya leseni huria, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa. Unaweza kuzipakua na kuzichapa. Ila mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri humo, kwa hiyo ngazi hazilingani na tafsiri nyingine ni mbovu. Angalia upatanisho wa ngeli: ukikuta "kitabu nzuri" au "maji nyingi" kwenye ukurasa wa pili, usiende wa tatu. Mtoto wa umri huu huchukua sarufi kwa macho na masikio kabla hujamfundisha kanuni.

Halafu mwangalie anavyotembea kwenye tovuti. Usimsaidie. Kutoka ukurasa wa mwanzo hadi hadithini, ikizidi mibofyo mitatu, wengi watapotea. Kama kuna tangazo lenye kitufe kikubwa cha "PAKUA", atabonyeza hilo kila mara, kwa sababu ndilo kubwa na la kijani. Tovuti ikitaka jina, barua pepe au tarehe ya kuzaliwa kabla ya kufungua hadithi, iondoe kwenye orodha. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na nyinyi Tanzania mna sheria yenu ya 2022.

FundiKompyuta_Moro
Mkuu, kwa bando, video ndiyo itakayokumaliza. Saa moja ya video ya 360p (ubora wa chini) hula karibu MB 300 kwa kifaa kimoja. Zidisha kwa 12. Video moja ionyeshwe kwa projekta, na uzime kucheza mfululizo, la sivyo itakayofuata hukuichagua wewe.

Kama mna kompyuta moja na ruta, sakinisha Kolibri, programu ya masomo. Unapakua masomo mara moja, kisha vishikwambi vyote vinasoma kupitia kivinjari bila intaneti. Kiwix inafanya hivyo kwa Wikipedia, na faili la Kiswahili lipo. Orodha za zamani zenye michezo ya Flash zifute kabisa: Flash, programu iliyokuwa ikiendesha michezo ndani ya kivinjari, ilikufa mwishoni mwa 2020.

Mwl_LaPili
Asanteni sana. Bado kamusi. Na programu za kufundisha saa na herufi, nazipimaje?

Mkutubi_Tanga
Kamusi ipime kwa maneno matatu: "meno", "walikula" na "ng'ombe". Kamusi nyingi hazina "meno" kwa sababu zimeorodhesha "jino" tu, wala "walikula" kwa sababu zinaanzia kwenye "-la". Mtoto wa la III hajui bado kukata viambishi, ataondoka akiamini neno halipo. "Ng'ombe" hukwama kwa sababu nyingine: kishikwambi huweza kuandika alama ya nukuu iliyopinda, wakati kamusi imehifadhi iliyonyooka. Jaribu zote mbili. Kamusi ikishindwa yote matatu, ibaki ya mwalimu.

Programu ya saa: weka mshale mfupi kwenye 8, mrefu kwenye 12. Ikisema "saa nane", imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwetu hiyo ni saa mbili, na mtoto atakosea saa zote. Programu ya herufi: sikiliza irabu. Ikitamka "i" kama "ai", isubiri kipindi cha Kiingereza. Kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) itavuruga silabi zote ulizofundisha. Tazama pia vipimo na fedha: inchi, paundi na dola hazimo kwenye muhtasari wa la II.

Wikipedia ya Kiswahili ina manufaa, ila lugha yake ni ya watu wazima. Chukua makala ya twiga, itoe sentensi tano fupi, ichape pamoja na jina la chanzo. Leseni yake inaruhusu.

Kila mwanzo wa muhula, kaa na kishikwambi kimoja na ubonyeze viungo vyote. Anwani iliyoachwa na mwenyewe hununuliwa na mtu mwingine, na kiungo kilichokuwa cha hadithi huweza kufungua kamari.