Posa na hitima

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum nyote. Yule bwana wa Bondeni ametuma wazee tena. Wataka jibu kabla ya Ramadhani.

Mjomba: Waaleikum salaam. Mtu wa watu yule, naye amefiwa na mkewe.

Binti wa Mama Mkubwa: Mama, Mama Mdogo mwenyewe yumo humu 😅

Mama Mkubwa: Najua yumo. Simu hashiki, ndiyo naandika humu.

Mjomba: Eda ni miezi minne na siku kumi, si miaka.

Mama Mdogo: Eda yangu niliikaa Obock, Djibouti, kambi ya Markazi, ndani ya hema. Hapana aliyenipa mkono.

Mama Mdogo: Mwajua Tawahi, Aden, kule Yemen, tuliishi vipi? Tangu Saudia na wenziwe waanze kupiga 26 Machi 2015, ndege usiku, mizinga mchana. Uwanja wa ndege umefungwa. Ndege zikiwa juu yetu mume wangu huniuliza, "Tukifika Mombasa twaanza na viazi karai au mkate wa sinia?" Namjibu, abisha, mpaka zende. Jitu zima labishania viazi chini ya meza!

Mama Mdogo: Nikatangulia kwa jahazi. Yeye akabaki kumbembeleza mamake, hakutaka kuacha nyumba. Mamake alipokubali, waasi wa Kihouthi washaingia Tawahi. 6 Mei wakapanda mashua ya kukimbia, ikapigwa kombora na watu wamo. Watoto wamo. Yeye na mamake hawakutoka.

Mjomba: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. La mashua sikulijua mie.

Mama Mdogo: Hukuuliza, kaka. Ulinambia nishukuru nimerudi.

Mama Mdogo: Hitima yake haijasomwa hapa hata siku moja. Isomwe kwanza. Posa nitaijibu baadaye, sijasema sitaki.

Mama Mkubwa: Hajasema hataki!!

Binti wa Mama Mkubwa: Mama jamani 🤦🏽‍♀️

Mama Mkubwa: Nalia hapa, mwanangu, nimeyasoma yote. Na hilo pia nimelisoma.

Mjomba: Ijumaa baada ya Alasiri. Naenda kwa maalim sasa hivi.

Kaka wa Nairobi: Natuma pesa za mchele na nyama. Mama Mdogo, maalim atataka jina la marehemu na la babake.

Mama Mdogo: Nakutumia. Na la mamake lisomwe pia, asisahauliwe.

Mama Mkubwa: Viazi karai nakaanga mie. Mkate wa sinia nani?

Binti wa Mama Mkubwa: Viazi kwenye hitima?

Mama Mkubwa: Nani, nauliza.