Tupeane uzoefu: pesa zilipoongezeka kwenye ligi yenu, nani alivuliwa jezi?

Katibu wa zamani, Barani (Malindi)

Salaam aleikum wanamichezo. Uzi huu naomba tuutumie kwa jambo moja. Nani bora kati ya Arsenal na Liverpool tutamalizana kwenye kibanda cha video. Hapa kila mmoja aeleze kilichotokea kwenye kikosi chake siku pesa zilipopanda. Nani aliletwa, nani aliachwa, na nani aliyeamua.

Naanza mimi. Nilikuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka sita. Kombe tulilokuwa tukigombea kila Agosti zawadi yake ilikuwa mbuzi na seti ya jezi. Kikosi hakikuwa na siri: anayekuja mazoezi jioni ndiye anayecheza. Mwaka mmoja mfadhili akatangaza laki mbili kwa bingwa. Wiki hiyo hiyo kamati yetu, ambayo kwa kawaida watu wanne hawatimii, ilijaa hadi wengine wakasimama nje. Watu nisiowahi kuwaona uwanjani walikuja na majina ya wachezaji wa Mombasa mfukoni.

Tukaleta mamluki saba. Elfu moja na mia tano kwa mechi kila mmoja, nauli na chakula juu yetu. Hesabu niliiandika kwa mkono wangu: mechi nne hadi nusu fainali, elfu arobaini na mbili kabla hujagusa nauli. Pesa zenyewe tulizikopa, tukitegemea zawadi ambayo hatujaishinda. Tukatolewa nusu fainali kwa penalti.

Beki wetu wa kulia alikuwa dereva wa tuktuk. Namba mbili aliivaa miaka minne, na siku za mechi ndiye aliyebeba mipira na wachezaji bila kutudai hata ya mafuta. Siku ya mechi ya kwanza nilimkabidhi mgeni jezi ile, yeye yupo pale pale. Hakusema neno. Akaendelea kunisaidia kukunjua zilizobaki. Jumatatu hakuja mazoezi, na Jumanne wakakosekana watano. Mamluki walisharudi kwao, deni liko palepale, na ligi ilikuwa inaanza baada ya wiki tatu. Mechi mbili tulicheza watu tisa. Ya tatu hatukwenda.

Karibuni.

Mama kipa, Muyeye

Mpira siujui, ila mwanangu ni kipa, kwa hiyo yaliyomfika nayajua. Alichukuliwa na timu moja ya bara iliyokuwa imepata mdhamini mpya. Walisajili watu tisa kwa mpigo. Yeye akapewa mkataba wa miaka mitatu kama kipa wa pili, nyuma ya kipa waliyemtoa nchi ya nje. Mwezi wa kwanza alinitumia elfu tano, nikanunua gunia la mkaa na nikamlipia mdogo wake shule.

Mwaka wa pili mdhamini akajiondoa. Wale wenye majina walipata barua za kuachiliwa upesi, maana kila timu inawataka. Wangu akaambiwa asubiri, mkataba wake bado upo. Alisubiri miezi mitano bila mshahara. Mwenye nyumba alipofunga chumba kwa kufuli, mimi ndiye niliyemtumia nauli ya kurudi kwa M-Pesa. Kilichonichoma roho nilikielewa baadaye: mdhamini mkataba wake ulikuwa na mlango wa kutokea, wa mwanangu haukuwa nao.

Mhasibu, Casuarina

Pole sana mama. Hapo umegusa kiini. Ligi yetu kuu iliondokewa na televisheni ya SuperSport 2017, ikaondokewa na mdhamini wake SportPesa 2019. BetKing wakaja 2020 kwa mkataba wa udhamini wa miaka mitano, na mwaka uliofuata ukavunjika. Klabu inayompa mchezaji miaka mitatu kwa pesa za namna hiyo imeahidi kitu isichokuwa nacho.

Mimi sina timu, nina vitabu vya hesabu, na kwa jicho hilo nawatazama Waingereza. Kule televisheni hununua haki za kuonyesha mechi kwa miaka kadhaa mbele. Haki za ndani ya nchi yao za misimu ya 2013 hadi 2016 zilikuwa takriban pauni bilioni 3, na za 2016 hadi 2019 zikapita bilioni 5. Kwa hiyo klabu ya katikati ya jedwali inapata nguvu ya kusema hapana. Zamani akija tajiri anamtaka mshambuliaji wako, unauza ili ulipe mishahara. Sasa unaweza kumweka mpaka bei ikuridhishe. Lakini na mishahara inapanda na pesa hizo hizo, na mshahara ukishapanda haushuki mpaka mkataba uishe.

Kuna jambo wengi kibandani hawalioni. Ukimnunua mtu kwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabuni anakuwa gharama ya milioni 10 kila mwaka. Kijana uliyemlea tangu mdogo hana gharama hiyo. Ukimuuza kwa milioni 30, zote 30 zinaandikwa faida siku hiyo hiyo. Na Ligi Kuu ya Uingereza, hadi msimu wa 2025/26, ilikuwa na kanuni kwamba hasara ya klabu isipite pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Ukishabanwa na kanuni ya namna hiyo, macho yako yanakwenda kwa nani? Kwa mtoto wa nyumbani. Chelsea walimuuza Mason Mount kwa Manchester United 2023 na Conor Gallagher kwa Atlético Madrid 2024, wote wamelelewa pale pale. Kila mmoja alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba, kwa hiyo hesabu haikuwa sababu pekee. Lakini vitabuni bei iliingia nzima.

Klabu hiyo hiyo Januari 2023 ilimpa Mykhailo Mudryk mkataba wa miaka minane na nusu. Bei ikigawanywa kwa miaka mingi, gharama ya kila mwaka inaonekana ndogo. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliona, na mwaka huo huo wakaweka kikomo cha kugawanya kwa miaka mitano. Katibu, hata yule beki wako wa tuktuk alikuwa mtoto wa nyumbani. Yeye hakuandikwa kwenye kitabu chochote, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumwondoa.

Mzaliwa wa Mambrui, sasa Tanga

Fupi tu. Hata pesa za jirani hukupangia kikosi. Huku kampuni ya televisheni ya Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania. Na hata kabla ya hapo Simba ya huku walikuwa wakichota wachezaji wa Gor Mahia ya Kenya: Meddie Kagere 2018, Francis Kahata 2019, Joash Onyango 2020. Kocha wa Kenya anaweza kupanga msimu vizuri, dirisha la usajili likafunguliwa, uti wa mgongo ukavuka mpaka. Siwalaumu wachezaji. Mshahara unaofika kila mwezi ni heshima.

Kocha wa wasichana, Kakuyuni

Kwetu pesa zilipoongezeka zilikwenda zote kwa timu ya wavulana. Wasichana tukaachiwa jezi zao za zamani. Kipa wangu na mabeki wawili wakaacha kuja, na hakuna aliyewasajili popote. Wamekaa nyumbani tu. Hilo nalo lihesabiwe kuwa uamuzi wa kikosi, maana kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akauamua.

Kocha wa watoto, Watamu

Nimesoma yote, na la mhasibu limenifanya niandike ninalolionea uchungu mpaka leo.

Kuna mvulana nilimfundisha tangu ana miaka 13 hadi 17. Kila jioni, ufukweni maji yakipwa, na uwanja wa shule siku za mechi. Alikwenda bara, na baadaye klabu ya nje ikamnunua. Nilifurahi sana, nikanunua soda za watoto wote. Baada ya mwaka rafiki akaniuliza kama nimepata fungu langu. Fungu gani?

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 5 ya fungu hilo, na mwaka mmoja wa 16 hadi 23 una asilimia 10. Tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi Paris ya kukusanya na kugawa pesa hizo, wakifuata kumbukumbu za usajili.

Tukadirie bei ni shilingi milioni 10. Fungu ni laki tano. Mwaka mmoja wa utotoni ni elfu 25, wa ujana ni elfu 50. Mimi nilikuwa naye miaka mitatu ya utotoni na miwili ya ujana: elfu 75 na laki moja, jumla laki moja na elfu 75. Kwangu hiyo ni mipira, nyavu na bima ya watoto kwa misimu mizima. Sikupata senti, na hakuna aliyenidhulumu. Timu yangu haikuwa imesajiliwa chama chochote, na mvulana hakuwa na karatasi inayoonyesha alipita kwangu.

Mhasibu, Casuarina

Kocha, hilo ulilolisema lina uzito kuliko maelezo yangu yote. Kusajili watoto thelathini ni rahisi kuliko kulisha mamluki saba mechi nne.

Kijana wa maskani, Shella

Katibu, na yule beki yuko wapi? Mlizungumza?

Katibu wa zamani, Barani

Nilimfuata kwake baada ya miezi minane, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinikaribisha chai na mahamri. Akaniambia kuachwa benchi hakukumuuma, ila hakuna aliyemwambia mapema: alijulia pale pale jezi zilipogawiwa kwamba hachezi. Nimelibeba hilo. Sasa hivi timu imeanza upya, mimi ni mshauri tu, na tumekubaliana mambo mawili kwa maandishi: zawadi haitumiki kabla haijaingia mkononi, na mgeni akiletwa, anayeachwa anaambiwa na kocha uso kwa uso kabla ya siku ya mechi.

Kucheza amekataa, anasema goti halimtaki. Lakini watoto wake wawili wako kwenye orodha ya chini ya miaka 13, na vyeti vyao vya kuzaliwa alivileta mwenyewe. Kocha wa Watamu, nitafute, nataka kujua fomu zile za chama unazijaza vipi.