Mjadala: Dawa za duboisia zinauzwa dunia nzima, wenyeji wa Australia wapewe mgao?

Wakuu, Buscopan tunayomeza tumbo likisokota hutengenezwa kutokana na hayosini, alkaloidi (kemikali kali ya mimea) inayopatikana kwenye majani ya duboisia. Ni mti wa asili wa Australia, na unalimwa Queensland, maeneo ya Kingaroy. Je, Waaborijini, wenyeji wa asili wa huko, wana haki ya kupata chochote?

Mimi nasema wanayo. Kabla ya maabara yoyote walikuwa wakitafuna pituri, duboisia ya nyikani. Majani huanikwa au kukaushwa kwa moto, hupondwa, kisha huchanganywa na jivu la mgunga. Jivu lile ni kama magadi kwenye tumbaku: linafanya alkaloidi itoke upesi mdomoni. Hiyo ni kemia, iwe imeandikwa au la.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, pituri ni Duboisia hopwoodii, na kinachochangamsha humo ni nikotini na nornikotini. Hayosini inatoka kwa spishi nyingine, Duboisia myoporoides na Duboisia leichhardtii, miti ya mashariki, na mashambani wanapanda chotara wake. Unamlipaje mtu wa nyikani kwa mti wa pwani? Halafu ukoo upi? Pituri ilisafirishwa mamia ya kilomita kwa biashara, kila mtu atadai.

Mleta mada: Spishi ni tofauti, ndiyo. Ila fuatilia njia iliyopitwa. Dkt. Joseph Bancroft wa Brisbane alianza na pituri miaka ya 1870, iliyofika kwake kwa sababu wenyeji walikuwa wakiitumia. Ilipotambuliwa kuwa ni duboisia, akaijaribu ndugu yake ya pwani, ikatanua mboni za macho. Madaktari wa macho wakaichangamkia. Vita ya Pili ya Dunia ikaja, hayosini ikawa ya kuzuia kichefuchefu cha askari baharini. Mlango ulifunguliwa na nani?

Mchangiaji wa pili: Mnabishana ya zamani, sheria inatazama ya mbele. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, Queensland inamtaka mtafiti wa mimea awe na makubaliano na wenye ujuzi wa asili kabla ya kuutumia. Duboisia ilishapita kabla ya sheria hiyo.

Mleta mada: Ilishapita kwenye makaratasi, ndugu yangu, lakini majani yanavunwa hadi leo. Tozo ndogo kwa kila tani ya majani makavu, iende kwenye mfuko wa jamii zote za huko, ukoo usiulizwe. Anayepinga aje na hesabu za kuonyesha mkulima ataumiaje.