Bango la ramani ya bluu linatoka kama plastiki, nakosea wapi?

Mtoto wa Kibirizi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Natengeneza bango A3 la meli yetu ya Liemba, nimeichora ubavu mzima kwa mistari myeupe juu ya bluu kama zile ramani za zamani za mainjinia, maana ile meli ilijengwa Ujerumani 1913 ikafunguliwa ikaletwa vipande vipande ndo ikaja kuungwa hapa Kigoma, nikaona mtindo huo unaifaa kabisa. Sasa nimedownload picha ya karatasi iliyokunjamana nikaiweka juu ya bluu kwa maltiplai, ile modi ya kutia giza tabaka la chini, mistari nikaiacha juu ya vyote isichafuke, lakini wapi, bluu imekuwa chafu tu na mistari inang'aa kama taa.

Fundi wa Isevya
Hapo kwenye kuiacha mistari juu ndo penyewe. Ile mistari sio wino mdogo wangu. Mchoraji alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi inayopitisha mwanga, akailaza juu ya karatasi iliyopakwa dawa ya chuma, vikaanikwa juani. Palipopigwa na jua dawa inashika inakuwa bluu, palipokingwa na mstari haishiki, ukiosha na maji inatoka, inabaki karatasi tupu. Njia hiyo aliigundua John Herschel, Muingereza, 1842. Kwahiyo mstari wako ni karatasi inayochungulia, usiupe weupe wa kompyuta, upe rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, halafu nyuzi za karatasi zipite kwenye bluu na kwenye mstari pia.

Dada wa Steshenari
Nakubaliana na Fundi, niongezee kwenye mikunjo. Achana na hizo za kudownload, kila mtu anazo. Mimi nachukua karatasi nzito naikunja mara mbili, tena mara mbili, kama mtu anayeitia mfukoni, napitisha ukucha kwenye mkunjo mpaka nyuzi zichubuke, nafungua naskani dpi 300. Na ramani ya bluu ikikunjwa sana bluu inachubuka panabaki weupe, wewe kwa maltiplai unaweka weusi, ndo uchafu unaouona. Geuza skani iwe negativu, weka modi ya skrini, ile ya kutia weupe badala ya giza, futa sehemu nyingine mkunjo ukatike katike. Madoa ya kahawa usiweke, nakuomba, hayana kazi pale.
Ukienda kuprinti angalia majenta, ule wino wa waridi, ikilingana na saiani, wino wa bluu ya anga, bluu yako inageuka zambarau, mi majenta naiacha chini kwa asilimia 30 hivi.

Mtoto wa Kibirizi
Dada asante sana, Fundi shikamoo na asante. Nimekunja manila jana usiku, mkunjo mmoja umepita katikati ya bomba la moshi, mstari pale umefifia kidogo na nyuzi zinaonekana hadi ndani yake. Nimeuacha hivyohivyo. Kesho naprinti ya majaribio nione bluu.